Waya Kwenye Mkono wa Baba Mdogo

Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia yangu si ya kutegemewa, kwa hiyo nakuomba samahani kabla hujafika mbali. Niliishia darasa la saba. Tangu shuleni naandika polepole, na mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi bado niko mstari wa pili. Nimeandika haya kwa kalamu kwa sababu kwenye kompyuta nimezoea kuandika mambo mengine, na kila nikijaribu kuandika habari za nyumbani pale vidole vinasimama.

Mimi ni fundi simu hapa Babati, upande wa Maisaka. Nina meza na kiti, na kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inakatika. Ukuta mmoja tunagawana na mama anayeuza vocha na soda. Watu wazima bado wanauita Manyara mkoa mpya, lakini mimi nilianza darasa la kwanza ukiwepo tayari, sijui Babati ilivyokuwa kabla.

Kazi yangu nyingine hailipwi, na hapa mtaani hakuna anayeijua vizuri. Kuna programu ya kompyuta ambayo wazamiaji duniani kote wanaitumia kutunza kumbukumbu za kuzamia kwao. Ni ya bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Mzamiaji anavaa saa maalumu mkononi, saa inaandika kina cha maji kila baada ya muda mfupi, na akitoka anaiunganisha na kompyuta kwa waya ili programu ivute kumbukumbu zile. Kila aina ya saa ina namna yake ya kuzungumza. Mimi natunza faili moja tu, la aina moja ya saa ya zamani ambayo haitengenezwi tena.

Saa hiyo ina adabu zake. Kompyuta lazima ianze kusalimia, kama mtoto kwa mkubwa, na isiposalimia haijibiwi. Ikishaitikiwa, inaomba kipande cha kwanza cha kumbukumbu, saa inatuma, na mwishoni inatuma jumla ya namba zake ili kompyuta nayo ijumlishe ione kama kuna kilichomwagika njiani. Halafu kipande cha pili, mpaka mwisho. Mwanzoni ilikuwa inanyamaza katikati na sikujua kwa nini. Nilibadilisha waya, nikasugua vishikizo kwa spiriti. Kumbe kosa lilikuwa haraka. Kompyuta ilikuwa inaomba kipande kingine kabla saa haijatulia. Niliweka msitari mmoja wa kuisubirisha kidogo, na saa ikasema yote iliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya faili lile nilinakili kutoka kwenye saa nyingine zinazofanana, na watu wa mbali walinisahihisha sana. Ule msitari wa kusubiri ndio wangu.

Sijawahi kuzamia. Ziwa letu lina viboko, na mama hakuturuhusu kusogea. Aliyezamia alikuwa kaka yangu.

Kaka alikwenda pwani kutafuta kazi, akaanza kwa kubeba mitungi ya hewa ya watalii, baadaye wakamfundisha, mwisho akawa anawaongoza chini. Kuogelea alikuwa anajua tangu zamani. Alipokuwa mdogo alipelekwa kwa baba mdogo, huko mbuga za Hanang, kuchunga ng'ombe, na baba mdogo ndiye aliyemfundisha kwenye lambo wanakonyweshea mifugo. Kabla hajaanza kuzamia, mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka alimwachia saa yake, kumbukumbu zikiwa zimefutwa. Kaka akaja nayo likizo, akaiweka kwenye meza yangu katikati ya simu zilizopasuka vioo, akasema, "Fundi, hii ina maneno yangu humo ndani. Itoe."

Ile programu ilikuwa haiijui saa yake. Ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa nafanya kidogo kidogo kila alipokuja, na akiwa pwani nilikuwa namsomea kwa simu namba nilizokwisha kuzipata, yeye ananiambia siku ile alishuka mpaka wapi. Siku ilipokubali alikuwapo. Mistari ilitokea kwenye kioo, mmoja kwa kila mara aliyozamia, inashuka, inakaa chini, inapanda polepole. Alinionyesha ule wa kwanza kabisa. Ulikuwa mfupi na haukwenda chini sana, na ulikuwa unatetemeka kama umeandikwa na mimi. Alicheka. Alisema siku ile aliogopa mpaka akasahau kuangalia samaki.

Kaka alifariki akiwa likizo. Pikipiki aliyopanda kutoka Sigino iligongana na lori. Nasema hivi kwa sababu waliokuja msibani karibu wote walidhani amekufa maji. Walinishika mkono wakasema maji hayana mwenyewe, nami nikaitikia ndiyo, hayana. Nilichoka kueleza. Nilibeba maturubai na kuhesabu viti, nikaulizwa kama nimekula nikasema nimekula. Sikulia. Sikuwa najizuia. Nilikuwa nangoja kilio kama mtu anayengoja ujumbe uingie, na mtandao haupo.

Siku ya kuanua matanga wazee walikaa uani kwetu Nakwa kugawa vitu vyake. Kwetu kitu cha marehemu hakibaki bila mtu. Koti anapewa huyu, viatu yule, na aliyepewa kitu cha kuvaa hukivaa palepale mbele ya watu, na hakivui mpaka mwaka uishe. Akikivua kabla ni kama amemfukuza. Ilipofika zamu ya saa, mzee aliyekuwa anagawa aliinyanyua juu akasema aliyemlea kijana huyu mbugani ni baba yake mdogo. Baba mdogo akanyoosha mkono. Ni mtu mrefu, mwenye mkono mkavu, na mkanda ulifika tundu la mwisho.

Halafu mzee akaniangalia mimi niliyekuwa na birika la chai. "Na wewe mdogo wake, una neno?"

Nilikuwa na neno. Saa ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya kujaribia faili langu. Lakini utawaelezaje wazee waliokaa msibani? Nikasema sina. Mimi nikapewa redio.

Miezi ikapita. Nilitengeneza simu. Mama alianza kupika chakula cha watu wawili badala ya kuacha sahani ya tatu. Nilikuwa sioni kama nina huzuni. Nilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano kwa daktari wa meno, unajua upo lakini haukuambii kitu.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa msimamizi wa programu. Ni mtu wa nchi ya baridi, sijawahi kumwona, ila aliwahi kuniuliza kama Babati kuna bahari, nikamjibu kuna viboko. Aliandika kwamba wamebadilisha namna programu inavyofungua waya kwa saa zote. Kila anayetunza faili aunganishe saa yake, ajaribu, aseme kama inafanya kazi. Saa ambayo haitakuwa imejaribiwa na mtu mpaka toleo jipya litoke, faili lake litaondolewa.

Niliisoma mara nyingi. Ile ilikuwa kazi pekee tuliyowahi kufanya pamoja, mimi na kaka. Likiondolewa faili, programu ingekuwa kama haijawahi kusikia habari za saa ile. Nilijua hilo ni jambo kubwa, kama unavyojua bei ya kitu. Halikunifika moyoni, lakini miguu ilikuwa imeshaamua, kwa sababu Jumapili iliyofuata nilinunua sukari na majani ya chai nikaenda kwa baba mdogo.

Nilimkuta kwenye josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Watu wanawasukuma ng'ombe kwa fimbo, wanaruka mmoja mmoja kwenye mfereji wenye dawa, wanazama mpaka pembe, wanaibukia ng'ambo. Yeye alikuwa amesimama pembeni na saa mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Aliitazama sukari, akanitazama usoni, nami nikatazama chini, na macho yangu yakaangukia mkono wake. "Umekuja kunisalimia mimi au umekuja kuisalimia saa?"

Wale waliokuwa naye wakacheka. Nikasema nimekuja kwa yote mawili. Hilo liliwachekesha zaidi, na mmoja akasema angalau kijana wa mjini ana ukweli.

Baba mdogo alianza kunisifia saa mbele yao. Alisema inaujua Mlima Hanang. Akanionyesha pembeni ya kioo, palikuwa na alama ndogo ya mlima. Alisema walivyokuwa Nakwa msibani mlima ulikuwepo, na alipofika nyumbani ukawepo vilevile, na alivyoelekea Katesh hivyohivyo, popote penye Hanang saa inaonyesha. Mimi najua alama ile ni ya nini. Saa zile hupima hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo saa inamkumbusha mzamiaji kwamba yuko sehemu ya mwinuko. Ingeonyesha hivyohivyo kwenye mlima wowote. Nilitaka kusema, halafu nikaona hakuna sababu.

Tulipobaki wawili, tukiwafuata ng'ombe nyumbani, nilimweleza nilichojia. Nilieleza vibaya. Nilisema kuna watu wa mbali wanataka saa ya kaka ijaribiwe, la sivyo watalitoa jina lake kwenye programu. Alinyoosha fimbo akamrudisha njiani ng'ombe aliyekuwa anapotoka.

"Unataka niivue," akasema.

"Ni kidogo tu, baba mdogo."

"Mwaka haujaisha."

Nikasema najua. Tukaendelea kutembea. Kisha akaniambia jambo ambalo naona hakuwa amemwambia mtu. Alisema siku moja ndama alizama kwenye josho na hakuibuka, naye alipoinama kumshika akateleza akaingia mzima na nguo zake. Wakamtoa, naye akanuka dawa siku nzima. Alipoangalia saa ilikuwa imeacha kuonyesha wakati, inahesabu vitu vingine.

"Ikiguswa na maji inadhani ni yeye," akasema.

Akasema tangu hapo siku nyingine anakwenda lamboni, pale alipomfundisha kuogelea, anaingia mpaka kifuani, anachuchumaa, anaacha mkono chini. Ikianza kuhesabu anakaa kidogo. Halafu anatoka.

"Sivui," akasema tena tulipofika mlangoni kwake. "Lakini mkono ni wangu. Siku ya mnada nakuja Babati na ng'ombe. Mkono nitakuletea."

Siku ya mnada alikuja kweli, na shuka lake na fimbo yake, akiwa ameshauza. Nilimpa kiti changu. Aliuweka mkono juu ya meza, nami nikabana kishikizo cha waya kwenye saa ikiwa kwenye kifundo chake. Waya wenyewe nimeutengeneza mimi, ni mfupi, kwa hiyo ilibidi asogee mpaka bega likagusa kompyuta. Akawa kama mtu anayepimwa presha.

Mama wa vocha alichungulia. "Fundi, siku hizi unachaji na wazee?"

Kijana aliyeleta simu yake akasema, "Mzee, umefika asilimia ngapi?"

"Sijajaa," baba mdogo akamjibu bila kugeuka. "Wewe ukichajiwa unajaa haraka, chombo chenyewe kidogo."

Mama wa vocha alicheka mpaka akaketi kwenye kreti za soda. Mimi mikono ilikuwa inafanya kazi yake. Nilifungua programu mpya, nikachagua jina la saa, nikabonyeza. Kompyuta ikasalimia. Hakuna kilichojibu. Nikabonyeza tena, kimya. Niliwaza umeme ukikatika sasa hivi basi, na niliwaza hivyo bila hofu, kama habari za mtu mwingine.

"Usitikise mkono, baba mdogo."

"Sijautikisa. Unapumua mwenyewe."

Nilishika kifundo chake kwa mkono wangu wa kushoto, nikakibana kwenye mbao. Kilikuwa na joto. Nikabonyeza kwa mkono wa kulia, na saa ikaitikia. Kipande cha kwanza, cha pili, ikaendelea. Kila kipande kilikuja na jumla yake na kila jumla ilikuwa sawa. Ule msitari wa kusubiri ulikuwa bado unasubiri. Mistari ikaanza kutokea kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, ya bahari yote, inashuka, inakaa, inapanda polepole.

Mwishoni palikuwa na mistari mingine, midogo, kama mikwaruzo. Haikufika hata kina cha mtu mrefu.

"Hawa wa mwisho ni nani?" baba mdogo akauliza.

"Ni wewe."

Alisogeza uso. Nikamwonyesha ule wa josho, ulioshuka ghafla na kupanda ghafla, na ile ya lamboni iliyotulia chini. Aliihesabu kwa kidole, hakusema imekuwa mingapi.

Hapo ndipo niliporudi juu kwenye mwanzo wa orodha na kuona kwamba ule wa kwanza haupo. Ule unaotetemeka. Na uliofuata pia haukuwapo, na mwingine. Kumbukumbu ya saa ni ndogo. Ikijaa, jipya linaandikwa juu ya la zamani kuliko yote. Kaka aliiacha ikiwa imejaa, na kila mara baba mdogo alipokwenda lamboni kumtafuta, alikuwa anafuta safari moja ya kaka ya kushuka baharini.

Nilifikiri nisimwambie. Lakini aliniona nimeacha kubonyeza.

"Kuna nini?"

Nikamwambia kama ilivyo. Yule kijana wa simu alikuwa ameshaondoka. Alisikiliza mpaka mwisho na mkono wake ukiwa bado umefungwa kwenye waya.

"Kama zizi," akasema. "Likijaa, wa zamani wanatolewa."

"Ndiyo."

"Hao waliotolewa wako wapi?"

Nikasema wako hapa, kwenye kompyuta, kwa sababu niliwavuta zamani kaka akiwapo. Akasema basi hawajapotea, wamehama zizi. Akaomba kumwona wa kwanza. Nikafungua lile faili la zamani, nikamwekea ule msitari mfupi.

Aliutazama kwa muda. "Alikuwa anaogopa," akasema.

"Alisema alikuwa anaogopa."

"Hata lamboni, siku ya kwanza. Alinishika shingo hivi." Alitaka kunionyesha lakini mkono wa kunionyeshea ulikuwa kwenye waya, kwa hiyo akajishika shingo kwa mkono mwingine.

Nilingoja. Nilidhani sasa kilio kitakuja, kwa sababu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka na mimi nilikuwa karibu naye kabisa. Hakikuja. Niliona tu kwamba bado nimeshika kifundo chake, na kazi ilikuwa imekwisha kitambo.

"Kwa hiyo nisiingie tena majini?" akauliza.

Kama angeuliza mtu mwingine ningesema usiingie. Nikasema, "Ingia tu, baba mdogo. Ila ukija mnada uje hapa, nihamishe kwanza waliomo."

"Kila mnada?"

"Kila mnada."

Akafikiri. Akasema atakuja, ila siku nyingine nisiwe na mama anayecheka vile, ng'ombe watashuka bei. Kutoka upande wa pili wa ukuta mama wa vocha akasema amesikia.

Nilipotoa waya, nilimwandikia msimamizi palepale, kwa Kiingereza changu kifupi, kwamba saa imejaribiwa na inasomeka. Alijibu kesho yake. Aliweka neno la asante, akauliza kwa nini mizamio ya mwisho ni mifupi vile, ni ya majaribio? Nilikaa na swali hilo siku nzima. Mwisho nikamjibu kwamba ni ya baba mdogo. Hakuuliza zaidi. Toleo jipya lilipotoka nilitazama orodha, na saa ya kaka ilikuwa mahali pake kati ya nyingine.

Baba mdogo anakuja. Mwaka uliisha, akaruhusiwa kuivua, na hakuivua. Kila mnada anaweka mkono mezani, mimi nahamisha waliomo, tunatazama mikwaruzo yake mipya, anakunywa soda anaondoka. Mistari ya bahari iliyomo ndani ya saa inazidi kupungua. Yote ninayo kwenye kompyuta, na nakala nyingine ziko kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ambayo mama anaitunza kwenye kopo la chumvi. Bado sijalia. Siku hizi sijiulizi tena.

Ila kuna jambo linalonisumbua, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Saa hii ni moja na mwenyewe ni mtu mzima anayeingia lamboni. Betri yake tunaibadilisha kwa shida, na kile kizibo cha mpira kinachozuia maji kimeanza kukauka. Siku ikifa, sitakuwa na cha kujaribia, na barua pepe ya namna ile itakuja tena. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uko pwani au popote, na unayo saa ya zamani ya kuzamia iliyolala kwenye droo, au unamjua aliye nayo, niandikie. Niambie tu kama inawaka, na kama ina alama ya mlima. Na kama huna saa wala hujui habari za kuzamia, niandikie vilevile uniambie umesoma. Andika polepole, nami nitasoma polepole, na kujibu nitajibu.